Walimu wapo, nafasi hakuna: kabla hujamlaumu mwalimu anayefunga virago

Hamjambo watu wangu wa Nairobi. Wewe unayetazama ukiwa kwenye matatu, punguza sauti kidogo, jirani naye ametoka kazini. Swali linalorudi kila wiki ni hili: "Mwalimu anahamaje kwenda ng'ambo?" Nitalijibu, lakini kwanza tuangalie kinachomsukuma, maana wazazi nao wanauliza mbona mtoto kabadilishiwa mwalimu wa hesabu mara tatu kwa mwaka.

Kenya haina upungufu wa watu waliosomea ualimu. Waliosajiliwa na TSC, tume inayoajiri walimu wa shule za umma, wakakosa ajira ni malaki. Kinachokosekana ni nafasi yenye mshahara. TSC yenyewe hutaja pengo la walimu karibu laki moja katika shule za umma, na wakati huohuo mtu mwenye shahada ya elimu anapanga mitumba Gikomba. Tatizo ni bajeti. Masomo ya msingi bila malipo yalikuja 2003, sekondari ya kutwa 2008, halafu kuanzia 2018 kila mtoto wa darasa la nane akatakiwa aingie kidato cha kwanza. Watoto waliongezeka haraka kuliko ajira.

Tushuke kwenye ratiba ya stafrumu. Chukua shule ya Eastlands yenye Sekondari Msingi, mkondo mmoja tu: Gredi ya 7, 8 na 9. Kila gredi ina vipindi kama 40 kwa wiki, dakika 40 kila kimoja. Gredi tatu ni vipindi 120. Mwalimu akibeba 30, na hivyo ni vingi, unahitaji walimu 4. Sasa tuseme wako 2. Hata wasipokalia kiti Jumatatu hadi Ijumaa, wawili hao hawawezi kupita vipindi 80. Vipindi 40 havina mtu, thuluthi nzima ya wiki. Mtoto akirudi nyumbani akasema "leo tulikuwa tunanakili tu", ndipo hapo.

Na hiyo ni hesabu ya vichwa. Masomo ni 9, mwalimu amesomea mawili. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili na Dini anajikuta mbele ya darasa akieleza saketi ya umeme, somo aliloachana nalo kidato cha pili. Anasoma usiku ili asiaibike asubuhi.

Bado hajasahihisha. Insha moja, watoto 50, madarasa matatu, dakika 5 kwa kila daftari: dakika 750. Saa 12 na nusu kwa insha moja! Halafu kuna TPAD, ile tathmini ya kazi ya mwalimu inayotaka ushahidi mtandaoni. Mwalimu mwenye madaftari 150 mezani anatafuta bando apandishe faili.

Pesilipu sasa. Sekondari Msingi ilipofunguliwa Januari 2023, wengi waliingia kama wanagenzi kwa 20,000 kwa mwezi. Kwa makato ya sasa, toa 2.75% ya SHA, bima ya afya, ni 550. Toa 1.5% ya tozo ya nyumba, ni 300. Umebaki na 19,150 kabla hujagusa NSSF, akiba ya uzeeni, na hapo kuna kodi ya bedsitter Pipeline na nauli mara mbili kwa siku. Kazi yenyewe ni ileile ya mwalimu kamili. Aprili 2024 mahakama ya ajira ikasema mpango huo unakiuka haki zao, Mei wakagoma, na Januari 2025 wanagenzi 46,000 wakapewa ajira ya kudumu. Mwezi huohuo wakachukuliwa wanagenzi wapya 20,000, kwa hiyo foleni ikaanza upya.

Lakini mimi naona mshahara si sababu kubwa kwa aliyekwisha kuajiriwa. Ngazi ndiyo inayoua moyo. Mwenye shahada anaanza daraja la kazi la C2, baada ya miaka 3 anapanda C3 bila usaili. Kutoka hapo kwenda C4 ni kushindania nafasi chache, na wengine wanazeekea C3 huku wakifundisha vizuri kila siku. Upande wa wanaosubiri nako, alama nyingi za usaili wa TSC huenda kwa miaka uliyokaa tangu uhitimu. Ni haki kwa aliyesubiri muda mrefu, sikatai. Ila mwalimu wa fizikia aliyehitimu juzi anaona foleni ilivyo, anachukua kazi ya shule binafsi au anaacha ualimu kabisa.

Mukuru, Kibera na Mathare ni habari nyingine. Shule nyingi za huko si za serikali, mwalimu analipwa kutokana na karo ya wazazi, na mzazi akikosa kibarua, mwalimu naye hana mshahara.

Haya, kuhama. Nitasema njia moja tu, ya J-1, viza ya Marekani ya mpango wa kubadilishana walimu, maana ndiyo mnayoiharibu zaidi. Unahitaji shahada na miaka 2 ya kufundisha muda wote, na uwe unafundisha wakati unaomba. Sikia hapo, mwalimu: ukijiuzulu kwanza "ujipange", umejifungia mlango. Aliyeacha kazi anabaki na upenyo mmoja mwembamba, awe amemaliza shahada ya juu ndani ya miezi 12 na ana uzoefu wa miaka 2 katika 8 iliyopita.

Anza na barua ya utumishi na nakala za matokeo chuoni, zinachelewa kuliko chochote. Cheti cha maadili mema kinaombwa eCitizen. Shule ya Marekani ikikukubali, mdhamini, yaani shirika lililoidhinishwa kuendesha mpango huo, anatoa fomu ya DS-2019 ya kuombea viza. Unalipa dola 220 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wageni wa aina hii, na 185 za viza, kisha usaili ubalozi wa Marekani, Gigiri. Kibali ni miaka 3, kinaweza kuongezwa kidogo, na baadhi hutakiwa kurudi nyumbani miaka 2 kabla ya viza fulani nyingine.

Upande wa TSC, omba likizo bila malipo au jiuzulu kwa maandishi, na usipande ndege kabla hujajibiwa. Ukikosekana kazini siku 14 mfululizo bila ruhusa umehesabiwa mtoro, jina linaweza kufutwa kwenye sajili, na siku utakayotaka kurudi hutakuwa na leseni ya kufundisha hata chekechea.

Mawakala sasa. Orodha ya wadhamini wa J-1 iko wazi kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Tafuta jina humo kabla ya kutuma chochote. Lisipokuwamo, hata nauli ya boda usimpe.