Tajiri Wako Amekulipa?

Assalamu alaykum, na asanteni kwa kuja na joto hili. Feni yenyewe imegoma.

Nianze na neno. Kwetu Mombasa "tajiri" ni mwenye mali, na ndiye pia anayekuajiri. Kibarua husema, "Tajiri hajanilipa." Basi nikisikia tajiri fulani anasifiwa kwa kutoa, mimi humtafuta yule tajiri wa pili: siku ya mshahara alikuwa wapi?

Ramadhani moja nilikuwa kwenye foleni ya futari, Mji wa Kale. Unga, mchele, mafuta na tende, vyote ndani ya mfuko uliochapwa jina la mtoaji. Mbele yangu mzee mmoja, hamali, bega moja limeshuka kwa magunia. Kijana wa kamera akamwambia, "Mzee, inua kidogo, jina lionekane." Akainua. Tulipotoka nikamuuliza kama anamjua mtoaji. Akacheka. "Si ndiye tajiri wangu? Mwezi wa pili huu hajanipa changu."

Sisemi matajiri hawajaufaa mji huu. Shule ya Allidina Visram, yenye jina la tajiri mfanyabiashara, inafundisha tangu 1923. Chuo cha ufundi cha Waislamu, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilisimama kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora, pamoja na fedha za serikali ya kikoloni. Na wakf, mali inayotengwa kwa ajili ya Mungu, ndiyo naipenda zaidi: ukishaiweka, nyumba si yako tena, haiuzwi, hairithiwi. (Wasimamizi wa wakf nao wana yao, lakini hayo ni ya siku nyingine.)

Ila tazameni Marekani. Andrew Carnegie, tajiri wa viwanda vya chuma, aliandika mwaka 1889 kwamba anayekufa na utajiri wake amekufa kwa aibu, na kweli alitoa: fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500. Lakini mwaka 1892, kiwandani kwake Homestead, wafanyakazi walikataa kukatwa ujira. Wakafungiwa nje, watu wakauawa, chama chao kikavunjwa. Mwaka 1898 akawafungulia maktaba nzuri, palepale. Mtu aliyetoka zamu ya masaa 12 asome saa ngapi?

Maktaba ile aliichagua yeye. Ujira wangeuchagulia matumizi wao.

Qurani inasema katika mali ya mwenye nacho mna haki ijulikanayo ya mwombaji na aliyenyimwa. Haki, jamani, si hisani. Na mwenye haki haambiwi ainue mfuko apigwe picha. Ila huku kwetu ukilalamika utaambiwa fadhila za punda ni mateke.

Naona mkono kule nyuma. Najua swali: tukatae unga? La, mzee wangu, uchukue, watoto wale. Jumatatu urudi godauni ukadai ile miezi miwili.