Kiti Kisicho na Mikono

Shikamooni wazee wangu. Vijana mliowaleta, karibuni, ila leo naongea na wenye magoti yao.

Mnakiona hiki kiti? Hakina mikono. Mzee akinijia kliniki akisema anataka upasuaji wa kupunguza uzito, kabla ya kumuuliza miaka namwambia akunje mikono kifuani, asimame, akae, mara tano. Miaka peke yake haimzuii mtu. Mwongozo wa 2022 wa chama cha Marekani na shirikisho la kimataifa la madaktari wa upasuaji huu haukuweka kikomo cha juu cha umri. Huko Marekani, Medicare, bima ya serikali inayohudumia wazee, inaulipia tangu 2006 kwa mwenye BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, ya 35 kwenda juu na maradhi ya unene, mfano kisukari.

Ninachohofia mimi ni misuli. Mwili ukikosa chakula hauli mafuta tu, unakula na nyama yake. Kijana atairudisha. Mtu wa miaka 70 anaweza kupungua kilo 30, majirani wakamsifia, naye kuinuka chooni kumemshinda.

Sasa tazameni kinachofanyika. Kuna njia ya kukata mfuko wa chakula, ukaondolewa kiasi cha robo tatu au zaidi, ukabaki mrija kama ndizi. Ipo nyingine: kinaachwa kifuko cha kama mililita 30, kisha utumbo unaunganishwa hapo. Mililita 30! Kile kikombe cha kahawa ya barazani hakijai. Na humo humo ipite protini isiyopungua gramu 60 kwa siku, wakati yai zima lina kama gramu 6. Ndiyo maana tunawaambia samaki kwanza, ugali ukipata nafasi. Vidonge vya B12, chuma, kalsiamu na vitamini D ni vya maisha.

Jambo la dawa naomba mlisikilize vizuri. Sukari huweza kushuka ndani ya siku chache, nguo hata hazijaanza kupwaya. Anayeendelea kujidunga insulini kwa kipimo kile kile atazirai. Presha nayo ni hivyo hivyo. Mifupa yenyewe inakuwa imeanza kupungua nguvu, kwa hiyo mtu akidondoka, nyonga hiyo.

Haya, nani anaanza? Babu mwenye kofia, karibu. Fimbo mpe mjukuu akushikie.