Umeokoka Lini? Mhadhara wa Kwaresima, Mkunazini

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimetoa salamu zote mbili kwa makusudi. Naona tumechanganyika leo: sisi Waanglikana wa hapa Mkunazini, Unguja, tupo, Wakatoliki wa Minara Miwili mpo, Walutheri, na ndugu zetu wa makanisa ya kiroho. Na majirani zetu Waislamu mliokuja kusikiliza, karibuni, kaeni huku mbele kwenye feni.

Mada niliyopewa ni kama wokovu ni wa papo hapo, au ni wa kudumu mpaka mwisho. Imetoka kwa vijana wa kwaya. Mmoja anajua tarehe aliyookoka, na mahubiri yalikuwa uwanja gani. Mwenzake alibatizwa mchanga, akapata kipaimara, akakulia humu humu kanisani. Basi akiulizwa "umeokoka lini?" hana cha kujibu, na anajiona Mkristo wa daraja la pili.

Nitawaambia mapema ninaposimama, asije mtu akakaa saa nzima ananivizia. Kuokolewa ni kazi ya Mungu, na kwake hakuhitaji hata dakika mbili. Lakini imani inayoupokea wokovu huo ni jambo la kukaa nalo. Mtu hadumu ili alipie wokovu kidogo kidogo. Kudumu ndiyo imani yenyewe ikiwa hai. Na tarehe peke yake haimwokoi mtu.

Hili swali la "lini" tumelipata wapi? Kwa sehemu kubwa tumelipata kwenye Uamsho, lile vuguvugu la toba makanisani ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda, ukaingia Bukoba, ukaenea na wimbo wa Tukutendereza. Mimi siudharau Uamsho ule. Watu walirudisha vitu walivyoiba, mtu na mwajiri wake wakaombana radhi, Mwafrika na Mzungu wakakaa benchi moja kuungama. Lakini wale walokole wa zamani hawakuridhika na ushuhuda wa mwaka juzi. Waliulizana: leo unatembeaje? Jana usiku ulilala umekasirikiana na nani? Sisi warithi wao tumeihifadhi tarehe, lile swali la leo tumelitupa. Na ndilo lililokuwa gumu.

Sasa Maandiko. Anayetetea wokovu wa papo hapo ana mashahidi wazito. Yupo mnyang'anyi msalabani: "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Hakubatizwa, hakutoa zaka, hakuhudhuria darasa hata moja. Mwenye kusema wokovu ni mshahara wa juhudi na amweleze kwanza mtu huyu.

Yupo na mlinzi wa gereza, Matendo 16. Usiku wa manane, tetemeko, milango imefunguka, upanga mkononi anataka kujiua. Anauliza afanye nini apate kuokoka. Paulo hampi mtaala: "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako." Saa ile ile ya usiku akawaosha Paulo na Sila mapigo yao, akabatizwa yeye na watu wake. Angalieni alianza na kipi. Maji yaligusa kwanza migongo ya watu waliopigwa, ndipo yakamgusa yeye.

Jambo ninaloomba mwende nalo nyumbani ni hili: gereza lile lilikuwa mji gani? Filipi. Na miaka baadaye Paulo, mfungwa tena, analiandikia kanisa la mji ule ule: "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka." Kama yule mlinzi alikuwa hai, basi barua hiyo ilisomwa naye amekaa pale na watoto wake. Aliyeambiwa "amini utaokoka" usiku mmoja ndiye anayeambiwa "timizeni". Paulo hakuona aibu kumwambia mtu mmoja maneno yote mawili. Na wala hakuishia kwenye kutetemeka. Mstari unaofuata unasema ni Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu. Watu wengi hukariri mstari wa 12 wakafunga kitabu, ndiyo maana wanaishi kwa hofu.

Niwarudishe hapa tulipo. Kiwanja hiki kilikuwa soko la watumwa. Lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sultani Barghash, na Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa hili. Watalii huambiwa habari hiyo, wakapiga picha, wakaenda zao, wakidhani utumwa wa Unguja uliisha siku hiyo. Haukuisha. Kilichofungwa ni soko. Ilikuwa 6 Aprili 1897 ndipo Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri kwamba mahakama haitamtambua tena mtu kuwa mali ya mtu. Hata hapo, aliyetaka uhuru wake ilimbidi aende mwenyewe kuudai. Masuria waliachwa nje ya amri mpaka 1909. Fidia ikalipwa, lakini wakalipwa mabwana. Na wengi waliopata hati zao walirudi kwenye mashamba yale yale ya karafuu, kwa sababu hawakuwa na pa kwenda.

Sisemi Mungu anatoa uhuru wa mashaka kama serikali ile. Nasema wazee wetu, wale waliokombolewa utumwani wakawekwa Mbweni na Kiungani na kuanza maisha upya, wangeielewa Wagalatia 5 haraka kuliko sisi: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Kuandikwa huru ni tendo la siku moja, na anayeandika si wewe. Kusimama ni kwa kila siku. Paulo asingesema "msinaswe tena" kama kunaswa kusingewezekana.

Kanisa la kwanza lililipata swali hili likiwa na damu juu yake. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu na wapewe cheti. Wakristo wengi walitoa. Wengine hawakutoa, wakanunua cheti. (Rushwa si ya jana.) Mateso yalipopoa wakarudi wanalia, wanataka Meza ya Bwana. Huko Rumi kasisi mmoja, Novatian, akasema hapana, mlango umefungwa. Cyprian, askofu wa Karthago, hakukubali ubatizo wao uwe kinga ya kuingilia bila toba, wala hakukubali anguko lao liwe mwisho wao. Aliwatazama mmoja mmoja: huyu alinunua cheti tu, huyu alipeleka familia nzima, huyu alivumilia mateso mpaka mwili ukashindwa. Kazi ya kuchosha kweli. Lakini ndiyo kazi ya mchungaji, na naona aibu kwamba leo tunaimaliza kwa kumwambia mtu arudie sala ya toba kwenye maikrofoni.

Mabishano ya baadaye nitayapitia upesi. Mtaguso wa Trento, wa Wakatoliki, 1547, ulifundisha kwamba mtu asijitape kwa hakika kamili kwamba atadumu mpaka mwisho, isipokuwa amefunuliwa na Mungu. Sinodi ya Dort, mkutano wa makanisa ya Kireformed kule Uholanzi, 1618 hadi 1619, ikafundisha kwamba walio wa Mungu kweli huanguka lakini hawapotei moja kwa moja, maana amesema hakuna atakayewapokonya mkononi mwake. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, akasema muumini wa kweli anaweza kuanguka akapotea. Hawa hawapatani, na sitawapatanisha jioni hii. Ila mchukueni mtu aliyeokoka, akamwacha Kristo, na hana nia ya kurudi. Wa Dort atasema hakuwahi kuwa ndani, kama 1 Yohana 2:19. Wesley atasema alikuwa ndani akatoka. Hakuna hata mmoja atakayemwambia alale usingizi kwa sababu ana tarehe. Yale ya "nimeshaokoka, hata nikifanya nini" hayana mzee wa kuyasimamia.

Nimeona mkono. Ndiyo, mama.

Nalirudia, maana nyuma hawakusikia. Mama anasema mwanawe aliokoka akiwa skuli huko bara, akawa motomoto. Sasa anafanya kazi hotelini Nungwi, haendi kanisani, akipigiwa simu anakatisha maneno. Anauliza: ameokoka au hakuokoka?

Mama, sijui, na anayekwambia anajua asikusumbue. Lakini nitakusomea majina mawili. Katika Filemoni mstari wa 24, Paulo anawataja Marko na Dema pamoja, watendao kazi pamoja naye. Halafu 2 Timotheo 4: "Dema aliniacha, akiupenda ulimwengu huu wa sasa." Na mstari unaofuata: "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi." Marko huyu ndiye aliyewaacha njiani kule Pamfilia, mpaka Paulo na Barnaba wakakorofishana kwa ajili yake. Wakati ule, ungemwuliza Paulo, angekwambia Marko hafai. Barnaba ndiye aliyemchukua akaondoka naye kwa meli kwenda Kipro.

Na jingine. Hotelini Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine, na zamu hupangwa na mwajiri. Wapo vijana tunaowaita waliorudi nyuma, na kosa letu ni kuweka ibada saa wanapotandika vitanda vya wageni. Nimeshalisema kwenye vikao, nalisema tena hapa. Wewe mpigie, usianze na habari za wokovu. Mwulize off yake ni siku gani, umfuate Nungwi.

Haya, baba pale dirishani, swali lako.