Kombe la Chalenji: taifa ni nani uwanjani?

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana, nashukuru kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie historia ya Kombe la Chalenji, kombe la mpira la timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati, na kwa ruhusa yenu nitaanzia kwenye sabuni.

Mwaka 1926 kampuni ya William Gossage and Sons, watengenezaji wa sabuni wa mji wa Widnes, Uingereza, ilitoa kombe lishindaniwe na timu za Kenya na Uganda. Gossage mwenyewe alikuwa ameshafariki tangu 1877, na kampuni yake ilikuwa imeshamezwa na Lever Brothers. Waliotoa kombe walikuwa wafanyabiashara waliotaka jina la sabuni yao lizoeleke midomoni mwa watu wa Afrika Mashariki, na walifanikiwa kuliko walivyotarajia: sabuni imepotea madukani, lakini wazee wetu hadi leo ukiwauliza habari za mpira wa zamani watakutajia Gossage. Kenya ndiyo iliyotwaa kombe hilo mara ya kwanza. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Zanzibar ikafuata kabla ya muongo huo kwisha.

Hapo kwenye kuingia kwa Zanzibar naomba tutulie kidogo, maana ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema leo. Kenya ilikuwa koloni. Uganda ilikuwa nchi lindwa. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa ikitawaliwa na Waingereza, na Zanzibar ilikuwa na Sultani wake akiwa chini ya ulinzi wa Waingereza haohao. Hakuna hata moja iliyokuwa dola huru. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwuliza mwenzake, wewe ni nchi au si nchi? Mwenye timu, mwenye chama cha mpira, mwenye nauli ya meli au treni, alikaribishwa. Mlango huo ulioachwa wazi na wakoloni, bila wao kufikiri sana, haujafungwa mpaka leo. Fahari zote za Chalenji zimepitia mlangoni humo, na vituko vyake vyote pia.

Uganda ndiyo iliyokuwa mbabe wa Gossage. Ilibeba zaidi ya nusu ya mashindano yote yaliyochezwa hadi 1966. Mwaka 1956 timu ya Uganda ilizuru Uingereza, na wachezaji wake wengi walicheza pekupeku mbele ya Waingereza waliovaa njumu. Tanganyika nayo ilikuwa na zama zake, mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950. Halafu bendera zikaanza kushushwa na kupandishwa, na ilipofika 1967 jina la sabuni likaondolewa. Kombe likaitwa la Chalenji, na kuanzia 1973 likawa chini ya baraza la vyama vya mpira vya Afrika Mashariki na Kati, yaani CECAFA. Waliokaa mezani sasa walikuwa wengi: Zambia, Malawi, Somalia, Ethiopia, Sudan, na baada ya uhuru wake mwaka 1980, Zimbabwe.

Sasa tazameni ramani ya siasa ya miaka ile, kisha muiweke juu ya ratiba ya Chalenji. Idi Amin alichukua madaraka Januari 1971. Mwalimu Nyerere alikataa katakata kukaa naye meza moja, na kikao cha marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hakikukutana tena. Septemba 1972 Waganda waliokuwa uhamishoni walivuka mpaka kutoka Tanzania wakitaka kumwondoa, wakashindwa. Mwaka mmoja tu baadaye, 1973, fainali ya Chalenji inapigwa Kampala, na ni Uganda dhidi ya Tanzania! Uganda ikashinda 2–1. Mwaka 1974 mashindano yakaja Dar es Salaam, fainali ikawakutanisha walewale, na safari hii Tanzania ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Marais hawakuonana uso kwa uso, lakini vijana wao walikuwa wakibadilishana jezi.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mwaka huohuo Chalenji ikachezwa Mogadishu, Somalia ikiwa vitani na Ethiopia kugombea eneo la Ogaden. Mpaka wa Namanga ulikuwa bado umefungwa mwaka 1981 wakati Kenya walipokuja Dar es Salaam, wakaifunga Tanzania 1–0 kwenye fainali, wakaondoka na kombe. Fikirini hilo: gari la mizigo haliwezi kupita, lakini kombe linapita. Kenya ile ilikuwa timu kweli. Ililichukua tena Kampala mwaka 1982, ikalichukua nyumbani Nairobi mwaka 1983, mara tatu mfululizo. Mpaka ulifunguliwa mwishoni mwa mwaka huo wa 1983.

Wapo wanaosema mpira ulileta amani. Mimi sisemi hivyo. Vita vya Kagera vilipiganwa 1978 na 1979 na hakuna fainali iliyovizuia. Ninachosema ni kwamba chombo hiki kilikuwa kilegevu kiasi kwamba siasa haikupata pa kukishikia. Hakikuwa na hadhi kubwa, hakikuwa na fedha nyingi, na wakubwa hawakuona faida ya kukivunja.

Ulegevu huo una gharama zake, na hapa wapenzi wa takwimu hushika vichwa. Mwaka 1999 Rwanda ikiwa mwenyeji iliingiza timu mbili, ya kwanza na ya pili, na iliyotwaa ubingwa ni ile ya pili! Mwaka 2006, Ethiopia, kituko kilikuwa kikubwa zaidi. Zambia ilikuwa imeshahamia kusini, kwenye COSAFA, baraza la vyama vya mpira vya Kusini mwa Afrika lililoanzishwa 1997, ikaja kama mgeni mwalikwa. Mgeni akafika fainali. Akaishinda Sudan kwa matuta. Ubingwa wakapewa Sudan, kwa kuwa mgeni hana haki ya kombe la wenyewe. Mnamkaribisha mtu shindanoni, anashinda, halafu mnamwambia asante kwa kuja? Mwaka 2010 tulinusurika aibu nyingine kama hiyo. Ivory Coast, wageni kutoka Magharibi, walifika fainali Dar es Salaam, na ilikuwa penalti ya Shadrack Nsajigwa iliyotupa ushindi wa 1–0 na kombe letu la kwanza tangu 1994. Wakati huo mdhamini alikuwa bia. Tulianza na sabuni, tukaishia kwenye bia.

Nirudi Zanzibar. Muungano ulikuja tarehe 26 Aprili 1964, lakini chama cha mpira cha Visiwani kilibaki, na timu yake ikabaki kwenye kombe. Ndiyo maana kwenye Chalenji Tanzania hugawanyika: Bara hucheza kama Kilimanjaro Stars, Visiwani kama Zanzibar Heroes, na Taifa Stars, timu ya Muungano mzima, hukaa pembeni. FIFA haiitambui Zanzibar kama mwanachama. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, iliipa uanachama kamili Machi 2017, ikaufuta Julai mwaka huohuo, hata msimu haujaisha. Kwa mchezaji wa Unguja au Pemba, Chalenji ndiyo iliyokuwa mashindano makubwa anayoweza kucheza akiwa na jina la kwao kifuani. Walilichukua mara moja, mwaka 1995, tena kwenye ardhi ya Uganda.

Na miezi mitano baada ya CAF kuwafutia uanachama, Desemba 2017, wakaenda Kenya. Kocha alikuwa Hemed Suleiman, maarufu kama Morocco. Kwenye makundi wakaifunga Bara 2–1. Nusu fainali wakamtoa bingwa mtetezi, Uganda, 2–1. Fainali ikapigwa Machakos dhidi ya wenyeji. Ovella Ochieng akawapa Kenya bao mapema, na mechi ikaelekea kuisha hivyo, mpaka dakika za mwishomwisho Zanzibar wakasawazisha. Muda wa nyongeza Kenya wakaongeza, Zanzibar wakarudisha tena. Mbili mbili. Yakaja matuta, na hapo kipa Patrick Matasi akadaka mikwaju mitatu. Kenya 3, Zanzibar 2. Ukiniuliza mechi gani ya Chalenji ingefaa kurekodiwa na kuwekwa makumbusho, nitakutajia hiyo, ingawa walioshinda siwashabikii.

Baada ya hapo mambo yakapoa haraka. Mwaka 2019 Uganda iliifunga Eritrea 3–0 Kampala, likawa kombe lake la 15. Mwaka 2021 mashindano yalichezwa Bahir Dar, Ethiopia, kwa vijana wa chini ya miaka 23, na Tanzania ikashinda. Sababu za kudorora si siri. Chalenji huchezwa Novemba na Desemba, nje ya kalenda ya FIFA, kwa hiyo klabu hazilazimiki kuwaachia wachezaji. Simba na Yanga sasa zina mechi za Afrika kipindi hichohicho. Na vyama vya mpira vimeonja vikubwa zaidi: Agosti 2025 Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa kwa pamoja CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, na AFCON ya 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ni ya nchi hizohizo tatu.

Hizo zote zina milango yenye walinzi. Lazima uwe mwanachama kamili ndipo upite. Zanzibar imeanza kujitafutia njia yake: Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa na timu za taifa badala ya klabu, na fainali kwenye uwanja wa Gombani, Pemba, Zanzibar Heroes waliifunga Burkina Faso 2–1. Lakini hilo ni kombe lao wenyewe, nyumbani kwao. AFCON ikifika mwaka 2027, mchezaji bora wa Pemba atavaa jezi ya Taifa Stars au atatazama kwenye televisheni. Nasubiri maswali yenu.