Kamera Ndani ya Baraza, na Kinachobaki Baada ya Kikao

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu na ndugu zangu wa Chake Chake, asalamu alaykum.

Nimeombwa nizungumzie urushaji wa shughuli za Serikali kwenye televisheni, na naanza kwa kusema kwamba sisi Wazanzibari hatuna udhuru wa kuiogopa kamera. Televisheni Zanzibar ilianza katika miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati Tanzania Bara ilisubiri mpaka miaka ya 1990. Baraza la Wawakilishi, chombo chetu cha kutunga sheria, lilianza kazi mwaka 1980, na Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika kifungu cha 18, inampa raia haki ya kupewa taarifa za matukio muhimu ya nchi. Ninachouliza leo ni nani anayechagua kipande tutakachoonyeshwa, na kipande hicho kinawekwa wapi Spika akishaahirisha kikao.

Januari 2016 Serikali ya Muungano ilitangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, itaacha kurusha moja kwa moja vikao vyote vya Bunge, kwa hoja ya gharama, na wananchi wakaachiwa kipindi cha usiku kilichohaririwa. Gharama ni hoja ya kweli, siidharau. Ila mhariri, hata awe muadilifu namna gani, lazima akate, na anachokikata ndicho mara nyingi tunachokitafuta.

Chukueni kipindi cha maswali na majibu. Jibu la swali la msingi huandaliwa wizarani na Waziri hulisoma tu. Swali la nyongeza, linaloulizwa papo hapo baada ya jibu hilo, ndilo linalomtoa kwenye karatasi. Hapo mtu wa Micheweni, aliyemtuma Mwakilishi wake kuulizia barabara, humwona Waziri akisimama, akisema "Mheshimiwa Spika, kabla sijajibu, naomba nitoe maelezo ya jumla", huku mkono ukinyooshwa nyuma kupokea kijikaratasi cha ofisa. Kumbukumbu rasmi zitayaandika maneno yote hayo, kijikaratasi hakitaandikwa.

Uingereza, kamera zilipoingia katika Baraza la Makabwela Novemba 1989, ziliruhusiwa mwanzoni kumwonyesha msemaji kuanzia kichwani hadi mabegani tu, kwa hofu kwamba wabunge wangegeuza ukumbi kuwa jukwaa la maigizo. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani hata kwetu wapo wanaoitazama kamera kuliko wanavyomtazama Spika, nasi tunawajua kwa majina. Mpiga kura awaone hivyo hivyo walivyo.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa jimbo la California, Marekani, ambako mwaka 2016 wapiga kura waliamua kwa kura zao kwamba rekodi za vikao vyote vya wazi vya bunge la jimbo, pamoja na vya kamati, ziwekwe kwenye intaneti ndani ya saa 24 na zihifadhiwe kwa miaka isiyopungua 20. Mwaka 2019 chaneli iliyokuwa ikivionyesha vikao hivyo ilifungwa, na rekodi zikaendelea kupatikana.

Hilo linatufaa sisi kuliko matangazo ya moja kwa moja peke yake, kwa sababu mchuma karafuu aliye juu ya mkarafuu na mvuvi aliyekwenda dago, kambi ya uvuvi mbali na kwao, hawawezi kukaa mbele ya televisheni asubuhi. Wakirudi, wanahitaji kulipata swali la jimbo lao kwa namba na tarehe, walifungue kwenye simu bila kumaliza bando wakihangaika ndani ya rekodi ya saa nne. Kuandika orodha ya namna hiyo ni kazi ya karani makini, wala haidai mitambo mipya.

Na kamera ifike kwenye kamati, hasa pale watendaji wanapohojiwa juu ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, maana huko ndiko risiti zinakoulizwa moja moja; ukumbini hufika muhtasari. Iwapo jambo ni la usalama, mwenyekiti wa kamati afunge mlango, lakini aitamke sababu kamera ikiwa bado inarekodi.