Geti lilipofungwa, mtoto aliongea na nani?

Asanteni, na wazazi mliosimama huko nyuma sogeeni, viti vipo. Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha na nataka turudi ile Machi 2020 shule za Kenya zilipofungwa juu ya korona. Tangazo lilitoka tarehe 15, wiki hiyo hiyo watoto wakabeba masanduku wakaenda, sisi tukidhani ni mwezi mmoja hivi, kumbe Gredi 4, darasa la 8 na Fomu 4 ni mpaka 12 Oktoba na wengine wote 4 Januari 2021.

Redioni, kwenye TV, kila mahali watu walikuwa wanauliza masomo yatakuwaje. Wale waliokuwa wanakuja kwangu saa ya breki hakuna aliyewauliza. Tuseme ukweli, kwa mtoto wa kawaida huduma ya afya ya akili sio Mathari, ile hospitali ya magonjwa ya akili Nairobi, wala daktari, ni mwalimu mmoja, kiti, na mlango unaofungika.

Mtasema 116, ile namba ya simu ya kusaidia watoto, ilikuwepo, na ni kweli, ni ya bure, imesaidia wengi na mimi mwenyewe huwapa hiyo namba. Lakini simu ni ya nani? Ni ya mama, nyumba ni chumba kimoja na pazia katikati, na mtoto anataka kumsema mtu aliyelala upande wa pili wa pazia. Atasemaje?

Nilikuwa na msichana wa Fomu 2, jioni ananiflashi na simu ya jirani halafu napiga. Anaongelea kwa choo cha ploti, nasikia watu wakigonga, anajibu "natoka, natoka" halafu anaendelea kunong'ona. Siku moja jirani akahama na simu yake. Miezi 3 nzima sijui mtoto yuko aje, na jamani hiyo inauma.

Na sio korona peke yake, 2024 mafuriko yalisukuma muhula wa pili kutoka 29 Aprili mpaka 13 Mei. Naomba hivi, kila shule iwe na listi ya watoto wa kufuatwa kabla geti halijafungwa, kredit itoke shuleni isitoke mfukoni mwa mwalimu, na kanisa ama msikiti wa karibu utupe chumba chenye mlango hata mara moja kwa wiki.

Yule msichana alirudi Januari. Akaja saa ya breki, akakaa kwa kile kiti kimya mpaka kengele ikalia, akaniuliza, mwalimu, kesho utakuwepo?