Mshipi ukikatika usiutupe, usome kwanza (samaki wa Ruvu, mwaka wa 3)

Mambo vipi wadau, leo siko mtoni, niko hapa uani Kimara, nimeweka vitu mezani maana kila siku mnaniuliza yule samaki wa mto Ruvu anayenikatia mshipi umempata au bado. Bado. Mwaka wa tatu huu, sehemu ileile upande wa Mlandizi, pale penye gogo la mkuyu lililolala majini, na sijawahi kumuona hata mkia. Maji yenyewe yanatoka Uluguru na udongo wote wa njiani, ukitia mkono unapotelea kwenye kiwiko. Ila huyu samaki amenifundisha kitu na ndicho nataka kukuonyesha, jinsi ya kujua nani kakunyang'anya chambo kabla hujakimbilia kununua mshipi mnene.

Hatua ya kwanza, akishaondoka, tulia. Kusanya mshipi taratibu, washa tochi, shika ncha. Usifunge ndoana nyingine kwanza, wengi tunakosea hapo.

Ngoja nisogeze kamera. Hii ncha ya kwanza unaiona imejikunja kama springi ya kalamu? Hapa hakuna aliyekata, fundo limeachia. Ukifunga, zungusha ncha kwenye mshipi mara tano au sita, lowesha kwa mate ndo ukaze, nailoni ukiikaza kavu inapata joto inalegea. Hii ya pili imekatwa safi kama kwa wembe, hayo ni meno, na Ruvu wapo samaki wa meno kweli, yule anayeitwa Hydrocynus tanzaniae, wataalamu walimpa hilo jina la nchi yetu mwaka 1986, mimi kila nikilitaja najisikia vizuri. Kwa huyo funga kipande cha waya juu ya ndoana, basi. Ya tatu imechakaa, ina vinyuzi vyeupe, pitisha ukucha unasikia inakwaruza, maana yake ilikuwa inasugua gogo au jiwe.

Sasa ya kwangu. Kuna mzee pale anachunga ng'ombe, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaniambia hicho kina cha maji kina chunusi, yule jini wa majini, mwache. Sikumbishia, maana pale watu wamepotea kweli, na mamba wapo. Kwa hiyo sikiliza, usiende peke yako usiku, kaa mbali na ukingo, na ndoana ikinasa USISHUKE majini kuinasua, kata mshipi, ndoana inanunulika.

Ila nilipoisoma ncha yangu nikakuta vitu viwili. Kwanza ute, mzito, mweupe, umepaka kama nusu mita, nikifuta kwa kitambaa unavutika kama bamia. Pili mshipi umesokotwa, ukiuachia unajizungusha wenyewe mkononi. Kambale ana ute lakini yeye anavuta mbele na kutikisa kichwa. Huyu wangu anavuta kinyumenyume kuingia chini ya gogo halafu anakuwa kama umenasa kwenye zege, dakika kumi, ishirini, nasikia tu anagonga, tup, tup. Ndo maana naamini ni mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, wale wa mtoni, wanazaliwa baharini wanapanda mto wakiwa wadogo kabisa na wanakaa humu miaka, wakubwa wake wanafika mita na zaidi.

Ukishamjua ndo unapanga. Chambo kipande cha samaki chenye damu, mimi huwa nachukua vichwa pale soko la samaki Feri asubuhi. Chubwi, yaani kile kizito cha kuzamisha mshipi, iwe nzito ya kulala chini. Breki ya rili usiikaze kwa kukisia, funga ncha kwenye mizani ya kuning'iniza, vuta, mshipi wa paundi 40 ni kama kilo 18, basi breki ianze kuachia kwenye kilo 5 hivi mpaka 6. Na mkunga akigusa usimpe nafasi ya kumeza na kutembea kama unavyompa kambale, akipata sekunde tatu mkia umeshashika mzizi, nyanyua hapohapo na rudi nyuma kwa miguu, sio kwa rili.

Nilifanya hivyo safari iliyopita. Akatoka chini ya gogo, kwa mara ya kwanza nikasikia uzito wake uko juu, hauko chini, maji yakafura kama mtu amegeuka kitandani, mwenzangu akamulika tochi, povu tu. Halafu fimbo ikanyooka.

Mshipi haukukatika safari hii. Fundo zima, waya mzima. Angalia ndoana, hii hapa, sijaigusa na koleo. Ilikuwa imepinda, sasa hivi ukiiweka mezani inalala kama msumari.

Juzi nimechukua ndoana nene zaidi Kariakoo, hizi nne. Mwezi ukiwa gizani tunaenda.